Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: ondoeni plau juu ya makaburi ya chaki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Vyombo vya Habari na Michezo,
London

Mheshimiwa Waziri,

Kwa miaka 3 nilimhudumia mzee mmoja aliyekuwa dereva wa trekta. Alianza kulima akiwa na miaka 16, akaacha magoti yalipomshinda. Asubuhi nilipokuwa nikimvisha soksi alipenda kunisimulia mashamba aliyoyalima, na shamba moja alilirudia kuliko yote. Katikati yake palikuwa na tuta la mviringo, si kubwa. Mwaka wa kwanza, alisema, trekta ilipopanda pale kiti kiliinama hadi akaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Miaka ikaenda, kiti kikawa kinainama kidogo tu. Mwishoni hakikuinama tena. "Nikajua limekwisha," aliniambia, kisha akakaa kimya na kuomba chai.

Tuta lile lilikuwa kaburi. Mzee alilijua hivyo, mwenye shamba alilijua hivyo, na sheria haikuwa na neno nao.

Nakuandikia kwa sababu ya kiti kile cha trekta.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa naishi Swindon, chini kidogo ya vilima vya chaki vya Wiltshire. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Barua hii nimekutumia kwa Kiingereza kwa njia ya posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu, maana tuko wengi tunaopita kila siku kwenye barabara za Wiltshire, Berkshire na Dorset tukienda zamu na kurudi, na yale matuta ya majani tunayoyaona kupitia dirisha la basi hatuyajui ni nini. Mimi mwenyewe nilikaa hapa miaka 6 nikidhani ni udongo uliorundikwa na watu wa barabara.

Niwaeleze kwanza wenzangu hiyo chaki, nawe Mheshimiwa univumilie. Vilima vya kusini mwa Uingereza vimeumbwa kwa mwamba mweupe, laini, ambao ukiukwaruza kwa ukucha unakuachia unga. Ni mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, waliotua chini ya bahari ya kale zamani sana kabla ya binadamu. Juu ya mwamba huo udongo ni haba. Mahali pengi ukichimba shibiri moja tu umeshagonga weupe. Mvua ikinyesha maji hayatuami, yanazama moja kwa moja. Na kwa kuwa chaki haina asidi, mifupa iliyolazwa ndani yake hudumu. Mahali ambapo udongo wa kawaida ungekuwa umeshakula kila kitu, chaki inamhifadhi mtu kwa miaka elfu tano na zaidi, na meno yake, na vidole vyake.

Watu wa kale walikaa kwenye vilima hivi, na walizika juu yake. Kuna matuta marefu, ya wakulima wa kwanza wa nchi hii, watu waliotumia mawe na pembe za paa, wasiojua shaba wala chuma. Kuna matuta ya mviringo yaliyokuja baadaye sana, wakati wa shaba nyeusi. Mara nyingi yako kwenye ukingo wa kilima, mahali ambapo aliye bondeni akiinua macho anayaona yamekaa dhidi ya anga. Yalipokuwa mapya, kabla ya kuota majani, yalikuwa meupe kabisa.

Linalojulikana zaidi ni West Kennet Long Barrow, karibu na kijiji cha Avebury. Mara ya kwanza nilikwenda siku yangu ya mapumziko, mwezi wa Novemba. Unaacha barabara ya A4, unavuka mto Kennet ambao pale ni kijito tu, unapanda njia katikati ya mashamba. Nyuma yako unakiacha Silbury Hill, kilima cha zaidi ya mita 30 kilichopandishwa kwa mikono ya watu yapata mwaka 2400 kabla ya Kristo. Mbele yako tuta limelala juu ya mgongo wa kilima, mita 100 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, kama jahazi lililopinduliwa ufukweni. Upande wa mashariki yamesimamishwa mawe makubwa ya kijivu yaitwayo saseni, mengine marefu kuliko mtu. Unapita pembeni yake, unainama, unaingia. Hakuna mlinzi wala tiketi. Kuna ukumbi mwembamba na vyumba 5, viwili kila upande na kimoja mwishoni, vyote vya mawe. Kuna ubaridi, na sauti ya upepo inabaki nje.

Sisi wa pwani hatuingii makaburini kimyakimya. Bibi yangu alitufundisha kwamba ukifika kwa waliolala unawatolea salamu, na kupita juu ya kaburi ni utovu wa adabu hata kama aliyemo humjui na dini yake huijui. Nikasimama mlangoni nikasema, "Assalamu alaykum ya ahlal kubur." Wale hawakuwa Waislamu wala hawakuwa na dini yoyote ninayoijua. Lakini ndiyo salamu niliyokuwa nayo.

Baadaye nikaanza kusoma habari zao usiku baada ya zamu. Mle ndani walilazwa watu wasiopungua 36, wanaume, wanawake na watoto. Mzee mmoja alikutwa na kichwa cha mshale wa jiwe sehemu ya koo. Wengi wao walikuwa na baridi yabisi kwenye viungo. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, maana baridi yabisi naijua. Naijua kwa jinsi mtu anavyoshindwa kufunga kifungo cha shati, na anavyokasirika ukitaka kumfungia. Mtu mwenye viungo vile hawezi kuishi hadi uzee, katika nchi yenye baridi kama hii, bila mwingine wa kumletea chakula na kumwashia moto. Kwa hiyo palikuwa na waliofanya kazi yangu, miaka elfu tano na mia sita iliyopita, kwenye kilima kilekile.

Wataalamu waliipima upya mifupa hiyo na kutoa matokeo mwaka 2007. Tuta lilijengwa yapata mwaka 3650 kabla ya Kristo, na maiti wa kwanza wote waliingizwa katika muda mfupi, kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa maneno mengine, ni kizazi kimoja tu. Waliowazika waliwajua kwa majina. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 1,000, watu waliendelea kuja, wakajaza vyumba kwa udongo, chaki na vipande vya vyungu, mpaka mwisho wakaufunga mlango kwa yale mawe makubwa. Miaka elfu moja ya kurudi kwenye kaburi la watu ambao hakuna tena aliyewakumbuka sura.

Kaburi hilo nalo limepata misukosuko yake. Karne ya 17 tabibu mmoja wa Marlborough alilichimbua vibaya akitafuta mifupa ya kutengenezea dawa. John Thurnam alichimba mwaka 1859, kisha Stuart Piggott na Richard Atkinson mwaka 1955 na 1956, ndio waliolirudisha katika hali ninayoikuta leo. Siku hizi kuna wanaoacha mishumaa imewaka juu ya mawe, moto unayapasua na moshi unayatia weusi. Hilo nalo linaniuma, na wanaojitolea kwenda kukwangua nta nawashukuru. Lakini mishumaa haikunifanya nikuandikie.

Nakuomba siku moja usimame juu ya tuta hilo na ugeuke pande zote. Kusini mashariki utaona kichaka kirefu cha miti katikati ya shamba: hilo ni East Kennet Long Barrow, nalo lina urefu wa zaidi ya mita 100, na halijawahi kuchimbwa kitaalamu. Ukitazama kaskazini mashariki kuelekea Overton Hill utaona matuta ya mviringo kando ya ile njia ya kale, Ridgeway. Hayo unayaona kwa sababu yamebaki. Kaskazini ya Avebury, Winterbourne Monkton, palikuwa na tuta refu liitwalo Millbarrow, ambalo mtafiti wa mambo ya kale William Stukeley alilichora karne ya 18 likiwa limezungukwa na mawe. Mawe yaliondolewa, na katika miaka ya 1960 tuta lenyewe likasawazishwa. Leo ukienda utakuta shamba.

Nchi yako, Mheshimiwa, ndiyo iliyojifunza mapema kwamba jambo hili halifai kuachiwa hiari ya mwenye ardhi. Bwana John Lubbock alinunua ardhi Avebury ili isijengwe nyumba, kisha akahangaika bungeni karibu miaka 10 hadi sheria ya kulinda mabaki ya kale ikapita mwaka 1882. Katika orodha fupi iliyoambatana na sheria ile, West Kennet Long Barrow limo, na Silbury Hill imo. Mkaguzi wa kwanza alikuwa Augustus Pitt Rivers. Serikali yenu iliupeleka mtindo huohuo hadi kwetu: mwaka 1937 watawala wa Kiingereza waliitungia Tanganyika sheria ya kuhifadhi mabaki ya kale, na baada ya uhuru Tanzania ikatunga yake mwaka 1964. Maili chache kutoka mjini kwetu kuna Tongoni, yenye makaburi ya nguzo ya karne nyingi. Tulipokuwa watoto tuliambiwa wazi kwamba pale hapalimwi. Haijalishi shamba ni la nani.

Sasa sikiliza sheria yenu ya leo inavyosema. Sheria ya mwaka 1979 inakataza mtu kuharibu au kufukua eneo la kale lililoorodheshwa na serikali bila kibali chako. Nchini England maeneo hayo yanakaribia 20,000. Mtu akitaka kuchimba shimo la nguzo ya uzio juu ya tuta lililoorodheshwa, lazima aombe ruhusa. Lakini mwaka 1994 ilitolewa amri ya vibali vya jumla, na kibali cha kwanza kabisa kwenye amri hiyo ni cha kilimo. Kinasema kwamba kazi ya shamba iliyokuwa ikifanyika mahali hapo ndani ya miaka 6 iliyotangulia inaweza kuendelea bila kuomba, mradi plau isiende chini zaidi ya pale ilipokuwa ikifika kihalali.

Niliisoma mara nyingi, nikidhani Kiingereza changu kimenichenga. Kisha nikampelekea yule mzee wa trekta ile karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akasema, "Ndiyo. Ndivyo tulivyofanya."

Maana yake ni hii: kaburi likiwa limeshaanza kulimwa kabla hamjalilinda, ruhusa ya kulimaliza imo ndani ya ulinzi wenyewe. Tuta lililobahatika kuachwa na majani linalindwa. Lililokwisha kujeruhiwa ndilo linaloruhusiwa kujeruhiwa tena kila mwaka.

Na lile sharti la kina, "isiende chini zaidi," halifanyi kazi juu ya chaki. Hili mzee alinieleza vizuri kuliko maandiko yote, kwa kutumia sahani ya viazi vilivyopondwa. Tuta lina mgongo. Plau ikipita inaukata udongo wa juu na kuulaza upande wa chini. Mvua na uzito wa mashine vinausukuma zaidi kwenye mtaro unaolizunguka tuta. Mwaka unaofuata mgongo umeshuka kidogo, na plau iliyowekwa kina kilekile cha mwaka jana sasa inakata udongo ambao mwaka jana ilikuwa haijaugusa. Dereva hakudanganya. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni kaburi. Juu ya chaki hakuna hata udongo wa kutosha wa kupunguza madhara, kwa sababu shibiri ya kwanza ikishaondoka unakata mwili wa tuta lenyewe, kisha sakafu yake, kisha shimo la aliyelazwa. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa. Haba na haba hukimaliza pia.

Mwezi wa Oktoba, baada ya kulima na kabla ya mbegu kuota, unaweza kuyaona makaburi haya kwa macho. Shamba zima ni la kahawia, halafu katikati kuna doa jeupe, kana kwamba mtu amemwaga gunia la unga. Weupe ule ndio chaki iliyorundikwa na wale waliozika, imefumuliwa na kutapakaa. Nina shamba moja ninalolipitia kwa basi kila wiki na doa lake nimelitazama misimu 8. Sitalitaja, kwa kuwa sitaki mwenye shamba anyooshewe kidole kwa jambo ambalo sheria imemruhusu. Kila mwaka doa linapanuka, na kila mwaka linazidi kufifia. Anayelipita mara moja tu ataona limetulia. Mimi najua linafifia kwa sababu weupe unakaribia kuisha.

Tunachopoteza si umbo la tuta peke yake. Kaskazini mwa hapa, Gloucestershire, mahali paitwapo Hazleton, palikuwa na tuta refu la enzi hiyohiyo, ingawa kule mwamba ni wa chokaa. Lilikuwa likiharibiwa na plau, na kwa sababu hiyo lilichimbwa lote kwa uangalifu kati ya mwaka 1979 na 1982. Mifupa ikatunzwa. Miaka 40 baadaye, mwaka 2021, wanasayansi walitangaza kwamba wameisoma vinasaba vya watu 35 waliozikwa mle, na kwamba 27 kati yao ni wa ukoo mmoja, vizazi 5 mfululizo. Ukoo huo ulitokana na mwanamume mmoja na wanawake wanne aliozaa nao. Na mahali pa kulazwa mtu, upande wa kaskazini au wa kusini wa tuta, palifuata bibi yupi kati ya wale wanne ndiye aliyemzaa babu yake.

Nilipomsomea dada yangu habari hii kwa simu, yeye akiwa Tanga, hakushangaa hata kidogo. "Watoto wa nyumba kubwa na nyumba ndogo," alisema. Kisha nikamwambia kwamba mle ndani wamo pia wanaume ambao mama zao walizaa na wanaume wa ukoo ule, lakini wao wenyewe baba zao wa damu si wa ukoo huo. Watoto wa kambo, waliokuja na mama zao, wakalelewa, wakafa, wakazikwa pamoja na wenye nyumba kama watoto halali. Dada yangu alinyamaza kidogo. Yeye aliolewa akiwa na mtoto mkononi, na mumewe alimpokea yule mtoto hivyohivyo. Akasema, "Basi walikuwa watu."

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya udongo ule, Mheshimiwa. Hakuna mnara, hakuna maandishi, hakuna hadithi iliyosalia ambayo ingetuambia kwamba mtu wa zama zile alimchukua mtoto wa mwenzake na kumfanya wake. Ilikuwa imeandikwa kwenye mifupa tu, na mahali ilipolala. Plau ikiipitia mifupa hiyo na kuichanganya, hata kama kila kipande kikiokotwa, ile "mahali ilipolala" imekwisha. Mwaka 1982 hakuna aliyejua kwamba siku moja vinasaba vya namna ile vitasomeka. Ndiyo sababu sikubali hoja kwamba tuta lililolimwa nusu halina tena thamani. Nusu ya chini ndiyo yenye watu.

Kuna jambo jingine ambalo hunirudia kila nipitapo Avebury. Karibu na kijiji hicho, South Street, palikuwa na tuta refu lililochimbwa miaka ya 1960. Halikuwa na maiti. Lakini chini yake, kwenye uso wa chaki, ilikutwa mistari iliyokatizana kwenda na kurudi: alama za jembe la kukokotwa, miongoni mwa za zamani zaidi zinazojulikana Uingereza. Wale watu walilima pale kwanza, kisha wakaacha kulima, wakajenga tuta juu ya konde lao. Wao wenyewe walikuwa wakulima. Waliijua ngano, walijua thamani ya kipande cha ardhi, nao walijua kwamba kuna mahali jembe linafika na kukoma. Na ni lile tuta walilolijenga juu ya konde ndilo lililoitunza mifereji ya jembe lao hadi sisi tukaiona.

Siwaandami wakulima. Baba yangu alikuwa na shamba la mkonge na mahindi, na najua maana ya kuambiwa na mtu wa ofisini kwamba pembe hii usiiguse. Mkono mtupu haulambwi. Tayari serikali yenu ina mpango wa Countryside Stewardship unaomlipa mkulima anayekubali kuliacha tuta liote majani, na wapo waliokubali, na matuta yao sasa yana kondoo na maua. Karibu na Stonehenge, National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, imerudisha mashamba mengi kuwa majani, na matuta ya kule yanapumua. Kwa hiyo inawezekana. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba ni wa hiari. Mkataba unaisha, bei ya ngano inapanda, mwenye shamba anabadilika, plau inarudi. Kaburi haliwezi kuishi kwa mikataba ya miaka mitano mitano.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Kifungu cha 3 cha sheria ya 1979 kinakupa mamlaka ya kuagiza kwamba kibali cha jumla kisitumike kwa eneo fulani utakalolitaja. Hakihitaji sheria mpya wala kura ya bunge. Anza na matuta yaliyoorodheshwa ambayo bado yanalimwa ndani ya eneo la Urithi wa Dunia la Stonehenge na Avebury, lililotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1986. Yataje, uyaondoe kwenye kibali. Sheria hiyohiyo imeacha mlango wa fidia kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa imeruhusiwa kisha ikazuiwa, na fidia hiyo ilipwe kwa moyo mweupe. Tuta la mviringo si kubwa. Trekta inaweza kulizunguka kama inavyozunguka nguzo ya umeme.

Baada ya hapo, irekebishe amri ya 1994 ili kulima kwa plau juu ya kaburi lililoorodheshwa kuhitaji ruhusa kama kunavyohitaji kuchimba shimo la nguzo. Wapo wataalamu nchini mwako waliokwisha kupima ni kwa kiasi gani kila aina ya kilimo inaharibu na ni maeneo gani yako hatarini zaidi. Historic England, taasisi ya serikali ya kutunza urithi wa kale, huorodhesha maeneo yaliyo hatarini, na kulima ni miongoni mwa sababu kuu zilizomo. Sijakuletea jipya katika hilo. Nimekuletea tu kwamba mtu wa kawaida, tena mgeni, amesoma na ameelewa, na anasubiri.

Najua utaambiwa na washauri wako kwamba hii si nchi yangu na wafu wale si wangu. Nimelifikiria hilo. Wale waliozikwa West Kennet si mababu wa moja kwa moja wa wengi wanaoishi Wiltshire leo pia, maana vinasaba vinaonyesha kwamba watu wengine waliingia kisiwani baadaye na kuchukua nafasi kubwa ya wale wa kwanza. Waliokuja baadaye walikuta matuta marefu yamekaa juu ya vilima, hawakuwajua waliomo, na walizika watu wao jirani nayo wala hawakuyasawazisha. Wageni kwa wageni, waliheshimiana.

Yule mzee alifariki majira ya baridi yaliyopita. Wiki chache kabla aliniomba nimpeleke kwenye lile shamba lake, nami nikaomba ruhusa kwa familia, tukaenda kwa gari, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye lango. Ngano ilikuwa imechomoza kidogo, kijani kibichi. Aliangalia sana, akanyoosha kidole, akasema, "Pale." Nilitazama alipoonyesha. Palikuwa tambarare.

Naomba jibu kwa swali moja, na naomba liwe la maandishi: tangu mwaka 1979, mamlaka hayo ya kifungu cha 3 yametumiwa mara ngapi kuitoa plau juu ya kaburi lililoorodheshwa, na ni makaburi gani?

Wako kwa heshima,

Mhudumu wa wazee, mzaliwa wa Tanga
Swindon, Wiltshire